Mukene wangu hawakufufuka, Kasim aache uongo

Jamani kabla hamjaniuliza tena: hapana, sikuwa nasubiri mukene (dagaa wetu) wafufuke ndani ya tangi langu la samaki. Najua Kasim ameshapeleka habari kila steji ya boda hapa Jinja, kuanzia Walukuba mpaka Masese, na jana mama chapati amenifungia chapati zangu mbili akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wale marehemu wako wanaendeleaje?" Kwa hiyo nasimulia mwenyewe, soksi yenyewe bado iko nje kwenye kamba inanuka.

Tangi mnalijua, lile nililowachosha nalo mwezi mzima. Majerikeni matatu ya maji, udongo wa bustani chini, mchanga juu niliouosha mara tisa mpaka kiuno kikagoma. Mimea ya majini nayo: valisneria zilitoka Kampala kwa taksi ndani ya mfuko wa mkate, anubia nikaifunga kwenye jiwe kwa uzi maana ukilizika lile shina lake linaoza. Kuokota majani ziwani nilikataa, konokono wa kichocho wanapenda kukaa humo na mimi kichocho nilishaugua nikiwa darasa la tano, kinatosha.

Sasa (mnaojua haya rukeni) tangi jipya huweki samaki siku hiyohiyo. Uchafu wao unatoa amonia, amonia inawaua, inabidi kwanza wazaliane bakteria wa kuigeuza iwe nitriti, ambayo nayo inaua, halafu wengine waigeuze iwe nitrati ambayo mimea inakula. Wiki nne, wiki sita, unakaa unaangalia maji matupu kama mtu aliyeachwa. Na hao bakteria hawali hewa, lazima uwape amonia ya kuanzia. Madukani nilipata ile ya kusafishia choo tu, yenye manukato na povu, hiyo haifai. Kuna wanaosema tumia mkojo wako. Nina mipaka yangu. Nikajiambia wewe unakaa Jinja, Masese hapo mukene wanaanikwa kama nguo, na kitu kikioza ndani ya maji kinatoa amonia. Nikanunua kikombe kimoja, nikawatia kwenye soksi, nikafunga fundo, nikazamisha.

Siku ya 3 maji yakawa meupe kama uliyooshea mchele. Siku ya 8 kichupa cha kupima amonia kikageuka kutoka njano kuwa kijani kibichi nikacheza peke yangu chumbani. Siku ya 12 Kasim akaingia, akaona tangi halina hata samaki mmoja aliye hai, akaona soksi.

"Hawa wamekufa lini?"

Nikamwambia nimewanunua wakiwa wamekufa. Akaniangalia muda mrefu sana, akatoka bila hata kuomba maji ya kunywa.

Siku ya 19 akaja Senga.

Kwa msio wa huku: senga ni shangazi wa mchumba wako upande wa baba, na akija kwako hakuja kunywa chai, amekuja kukukagua. Huyu wangu alikaa Mombasa miaka 13. Yaani Kiswahili chake kimenyooka, na hiki chetu cha Uganda akikisikia anafumba macho kama mtu anayesikia kijiko kinakwaruza sufuria. Kabla hajavua viatu alishanisahihisha mara mbili. Nikampa kiti, akakataa, akataka mkeka. Mkeka ukatandikwa pale penye nafasi, mbele ya meza ya tangi. Tangi nilikuwa nimelifunika kwa leso na nimelijaza mpaka ukingoni kabisa, eti lipendeze.

Pampu ya hewa, ile inayoendesha filta ya sponji, ilikuwa chini ya meza, sakafuni. Kila anayejua mambo haya atakwambia pampu iweke juu ya usawa wa maji, au funga kivalvu cha kuzuia maji yasirudi kwenye mpira. Kivalvu ni elfu tatu. Niliiona, nikaishika, nikairudisha, nikaenda kula roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai).

Saa moja na dakika kumi jioni, sahani ziko mikononi, umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshtuka, si ni kawaida. Mchumba akaenda kutafuta mshumaa. Pampu ikanyamaza, na mimi mpumbavu nikafurahi kwamba kelele imeisha. Tukaendelea kula gizani. Baada ya muda Senga akaacha kutafuna.

"Huu mchuzi ni wa kuku?"

"Ni kuku, Senga."

"Mbona nasikia harufu ya mukene?"

Nikasema ni jirani. Mungu anisamehe, yule jirani ni mama mjane hata hapiki samaki. Kasim, maana naye alikuwepo, akakohoa. Harufu ikazidi, ikaja na ubaridi fulani, ikakaa nasi kama mgeni wa nne. Ndipo nikasikia. Tii. Tii. Tii. Chini ya meza. Nikawasha tochi ya simu taratibu nikiielekeza sakafuni, nikaona mstari mwembamba unang'aa kwenye saruji. Umetoka kwenye pampu, umepita mguu wa meza, umezunguka kiatu cha Kasim kwa heshima, na sakafu yangu (mwenye nyumba nimemwambia tangu Januari) imeinamia mlangoni, na kati ya pampu na mlango yuko Senga, na gomesi yake ya kijani (lile gauni refu la kina mama wa huku) imetandazwa pande zote kama jani la mgomba. Mstari ukafika ukingo wa mkeka. Ukasimama. Nikaapa ukisimama hapo nitafunga siku tatu. Ukavimba kidogo pale mbele kama unafikiri, halafu ukaingia.

Nikapiga kelele: "Senga simama! Maji inakuja!"

Senga hakusimama. Akaweka sahani chini, akanigeukia.

"Yanakuja," akasema. "Maji *yanakuja*, mwanangu. Miaka yote hii hamju..."

Hapo yakafika.

Sitaeleza sauti aliyoitoa. Kasim anaiigiza vizuri, mwulizeni, kwa mia tano anaongeza na mikono. Mimi nikaruka kwenda kuchomoa mpira, nikavuta leso kwa papara, na tochi ikamulika soksi inaning'inia ndani ya maji, imevimba, ina manyoya meupe, kama mguu wa mtu. Senga akaiona. Akaita jina la Mtume. Na umeme ukachagua dakika hiyohiyo kurudi, pampu iliyojaa maji ikapiga chafya moja, ikamrushia Kasim usoni, ikafa, swichi kuu ikaanguka, giza tena.

Basi. Tulipangusa, Senga akavaa dera la mchumba, akaondoka kwa boda bila kumaliza kuku. Gomesi imefuliwa mara tatu. Mchumba hakuongea nami siku mbili, ya tatu akacheka mpaka akakaa chini. Pampu mpya nimenunua, iko juu ya kabati, NA kivalvu kipo. Na kwa mnaouliza kama nimeanza upya: hapana, hao bakteria hawakai sana kwenye maji, wanakaa kwenye sponji na mchanga, maji yaliyopungua hata jerikeni halikujaa. Leo asubuhi amonia ni njano safi, sifuri. Nitriti bado zambarau, yaani bado ipo, tunangoja.

Senga naye katuma ujumbe jana kupitia kwa mchumba. Anasema nikishaweka samaki waliokuja wakiwa hai nimwite tena, atakuja, ila safari hii atakaa kwenye kiti.