Kilio cha Novela

Mtu akifariki katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kilio chake kina siku zinazojulikana: watu huja, hulala uani, hula bukari, ule ugali wetu, ya wenye msiba, kisha hurudi makwao wakinung'unika kwamba samaki walikuwa wadogo. Novela, tamthilia ya televisheni, ikifariki, hakuna anayerudi kwake. Tangu ile ya Meksiko, iliyozungumzishwa Kifaransa na kutushikilia kila jioni kwa miezi, ifike mwisho, sebule yangu imejaa wafiwa, na mimi, niliyekuwa nikisikiliza mpira redioni, ndiye ninayewanunulia sukari ya chai.

Balaa lilianza pale umeme ulipokatika harusi ikiwa karibu kufungwa. Wenye jenereta waliona mwisho. Sisi tuliona giza. Mama mkwe wangu, ambaye hawezi kuvumilia jambo lolote libaki nusu, hasa likiwa la watu wengine, akawasha mshumaa na kutuhadithia yaliyosalia: tajiri alipofuka, binti wa kazi akarithi shamba, na yule tapeli akaumwa na mbwa wake mwenyewe. Asubuhi jirani mwenye jenereta alipokuja kutuarifu kwamba tapeli alisamehewa, mama mkwe alimkagua kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwa, akamjibu kwa upole, "Mama, wewe uliangalia televisheni tu." Sasa lupango zima, yaani ua wetu wote, limegawanyika madhehebu mawili, na wale wa msamaha hawapewi hata kaa moja la kuwashia jiko la mbabula.

Mwanangu wa chuo kikuu ananifariji kwamba ugonjwa huu ni wa dunia nzima. Anasema mwandishi Conan Doyle alipomwangamiza Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, mwaka 1893, wasomaji Waingereza walilisusa jarida lililochapisha hadithi hizo kwa maelfu, hata mwaka 1903 mwandishi akasalimu amri na kueleza, bila haya yoyote, kwamba marehemu hakuwa ameanguka kamwe. Anasema pia kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja na nusu walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho wa tamthilia ya Game of Thrones utengenezwe upya na waandishi wengine, wala hawakupewa kitu. Faraja hiyo aliitoa kwa sauti kubwa mno. Mama mkwe alishika habari ya Waingereza, akaiacha ile ya pili, na tangu hapo anadai barua iende Meksiko. Mwandishi wa barua ni mimi, kwa kuwa eti nina mwandiko mzuri, na mlipaji wa stempu hakutajwa, jambo ambalo katika nyumba hii lina maana moja tu.

Jumatatu novela mpya imeanza. Mchezaji yule yule aliyekuwa tapeli, humo ni daktari, na mama mkwe amekwisha kuwakataza wagonjwa wote wasimeze dawa zake.