Kilo 25 kwenye trei: nani anawahesabu samaki wanaonaswa pamoja na krili?

Aliyewahi kuchambua uduvi kabla ya kuupika anaijua kazi hii. Unaumwaga kwenye ungo, na humo unakuta visamaki vyembamba kama sindano, mguu wa kaa, mchanga. Kwenye meli zinazovua krili, wanyama wadogo wa baharini wanaofanana na uduvi, pembezoni mwa Antaktika, mwangalizi wa kisayansi hufanya karibu kazi hiyohiyo: huchukua sampuli ya kilo 25, huitandaza kwenye trei na kutoa samaki mmojammoja. Wengi ni wachanga, sentimita chache tu, na miili yao inapenya mwanga. Humo wamo watoto wa samaki wa barafu, ambao hata wakikua damu yao haiwi nyekundu.

Uvuvi huu, unaolisha salmoni wa kufugwa na kujaza vidonge vya omega-3, unasimamiwa na CCAMLR, tume ya kimataifa yenye makao Hobart, Australia, iliyoundwa mwaka 1982. Tangu msimu wa 2020/21, kila meli ya krili hutakiwa kuwa na mwangalizi. Wenye meli hulitaja sharti hili kila wanapolaumiwa, na wana haki: ni uvuvi mchache sana duniani uliofika hapo. Tena, kwa uzito, samaki wasiokusudiwa ni kidogo mno. Linganisha na nyavu za kukokota kamba kwenye bahari za joto, kama zile zilizozua ugomvi na wavuvi wadogo wa Ghuba ya Ungwana, Kenya, ambako kinachonaswa bila kukusudiwa mara nyingi huzidi kamba wenyewe.

Lakini kuwa na mwangalizi melini si sawa na kuyaona mavuno. Tuseme meli imepata tani 200 kwa siku na sampuli ni moja. Basi kila samaki aliyeonekana kwenye trei anawakilisha 8,000. Wakionekana wawili wa gramu moja moja, uzito wao ni asilimia 0.008, tarakimu isiyomnyima mtu usingizi. Kwa idadi, hao ni samaki 16,000.

Na wasipoonekana? Huenda hawakuwepo, huenda pia walipita usiku mwangalizi akiwa kitandani. Baadhi ya meli hazipandishi wavu ndipo zimwage: krili hunyonywa kwa bomba mfululizo, na mavuno huandikwa kila saa mbili. Kamera ya kwenye sitaha itamwona nyangumi au ndege, kisamaki ndani ya bomba haimwoni. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka kamera zichukue nafasi ya watu.

Upande wa meli una hoja nyingine, nzito kuliko ile ya asilimia: samaki wachanga hufa kwa wingi hata bila wavu. Kweli. Ila hawatawanyiki sawasawa baharini, na wastani wa msimu mzima unaweza kuficha siku tatu mbaya mahali pamoja. Kisiwa cha Georgia Kusini, karibu na Antaktika, kina kumbukumbu yake: mwishoni mwa miaka ya 1960 meli za Kisovieti zilimvamia samaki aitwaye Notothenia rossii, na misimu michache tu ilitosha kumporomosha.

Mahali ndipo penye shida sasa. Kanuni iliyogawa ukomo wa tani 620,000 za krili kwa msimu katika maeneo mbalimbali, tani 155,000 zikiwa za Rasi ya Antaktika, iliisha muda mwaka 2024 kwa kuwa wanachama, wanaoamua kwa kauli moja, hawakuafikiana. Msimu uliofuata meli zilisongamana kwenye rasi, ukomo wote ukafikiwa kwa mara ya kwanza, na uvuvi ukafungwa Agosti 2025. Asilimia ndogo iliyokusanywa meli zilipokuwa zimetawanyika haituambii mengi kuhusu meli zilizobanana.

Kwa maoni yangu, kabla ya kununua mitambo, sampuli zitawanywe. Kilo 25 hizohizo, zikichotwa kilo tano tano kwa saa tofauti za siku na kuandikwa pamoja na mahali meli ilipokuwa, zingefichua mengi zaidi, na kazi ya kwenye trei ingebaki ileile. Ripoti nazo zitoe idadi, si uzito tu. Kikwazo ni kwamba mwangalizi mara nyingi ni mmoja, meli haizimi taa, na mwangalizi wa pili anahitaji kitanda, chakula na mshahara wa miezi.