Desa la DS bado linasubiri mwaka 2015

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha umma, sikitaji. Juzi alinionyesha ujumbe wa CR wao, yaani kiongozi wa darasa: "Wakuu, Dokta yuko fildi, hakuna pindi mpaka mtangaziwe. Handauti iko steshonari ya getini." Hilo la mhadhiri kuwa fildi halikunishtua. Kilichonipandisha hasira ni handauti yenyewe, hilo desa la kukariri. Fotokopi ya fotokopi, imefifia hadi jina la kozi unalikisia, na pembeni mtu wa zamani kaandika kwa biki, "hili LINATOKA". Ukurasa wa pili unatuambia nchi inajitahidi kutimiza Malengo ya Milenia ifikapo 2015. Ifikapo!

Kozi ni DS, Development Studies, yaani Taaluma za Maendeleo. Mliopita huko mnaijua: lazima kwa kila mtu, uwe wa sosholojia au wa uhandisi. Mnajaa ukumbini hadi wengine wanakaa kwenye ngazi, spika inakoroma, mwisho wa muhula unapata C na kumshukuru Mungu. Nyie wa A nyamazeni, tunajua mlivyodesa.

Kinachoniuma ni kwamba DS ilizaliwa kwenye ugomvi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, chuo kikuu pale Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na chuo kikabanwa kieleze kinamsomesha nani, kwa faida ya nani. Walimu na wanafunzi walishikana mashati, kwa hoja, juu ya kuwa na kozi ya pamoja ili hata daktari aijue jamii anayokwenda kuitibu. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Walter Rodney alikuwa hapo hapo chuoni akifundisha historia, Issa Shivji, msomi wa sheria, bado kijana, na wanafunzi walikuwa na jarida lao, Cheche, lililoisumbua serikali kiasi kwamba 1970 ikalipiga marufuku. Jarida la wanafunzi! Leo waziri gani atapoteza usingizi kwa ajili ya desa?

Haya, enzi zile nazo hazikuwa pepo. Nina hakika wapo waliomkariri Marx kama sisi tulivyokariri handauti. Lakini angalau walikariri kitu ambacho mtu alikuwa tayari kukigombania.

Turudi kwa Dokta. Yuko fildi kufanya nini? Mradi wa mfadhili. Maswali yametungwa kwingine, majibu yanasubiriwa kwingine. Yeye ni kutafuta wahojaji, kusimamia dodoso, kuandika ripoti, kusaini posho. Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda aliyefundisha Dar miaka ya 1970 kabla ya kurudi Makerere, ameupigia kelele sana ugonjwa huu wa ushauri elekezi kuvaa joho la utafiti. Sawa, mshahara wa mhadhiri nao tunaujua, na watoto wake wanadaiwa ada kama wetu. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Maana ukiangalia vizuri, hata huo ushauri elekezi ungekuwa mali darasani. Mtu ametoka kuzungumza na wakulima wa mpunga kuhusu mikopo, ameona nani kalipa na nani kakimbia usiku, ana mambo ya moto kabisa mdomoni, halafu anarudi kuwasomea vijana fasili saba za maendeleo! Wanafunzi wake hawajui hata alikwenda kuuliza nini. Ripoti kurudi kijijini kwa waliohojiwa? Tusichekeshane.

Mimi ningefuta hilo desa kesho asubuhi. Kila mwanafunzi wa DS aende sokoni, Mwenge, Mabibo, popote, akae na mama lishe mmoja siku nzima: mkaa ananunua bei gani, ushuru anamlipa nani, kikoba kinamsaidia au kinamnyonya. Aandike kurasa mbili. Kisha semina, watu wabishane hadi wachelewe chakula.

Najua mtaniuliza nani atasahihisha kurasa za vijana 800. Wahadhiri wasaidizi si wapo? Aa, samahani. Nao wako fildi, wanamjazia Dokta dodoso.