Ratiba ya chakula ianze na mboga

Mwaka juzi mke wangu alisafiri kwenda Iringa kwa ajili ya msiba, akakaa huko siku 16, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilibaki peke yangu na dhamana ya nyumba yetu ya watu sita hapa Dar es Salaam. Kufua hakukunielemea, wala kuwaamsha watoto alfajiri wawahi gari la shule. Kilichonielemea ni swali ambalo binti anayetusaidia kazi za nyumbani alinipigia simu kuniuliza kila siku kabla ya adhuhuri: "Baba, leo tunapika nini?" Siku ya nne nilimjibu "chochote", na jioni hiyo tukala wali kwa nyanya za kukaanga, si kwa kukosa fedha bali kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiri mapema. Ndipo nilipotambua kwamba kazi hiyo ya kufikiri, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni kazi, mke wangu alikuwa ameibeba peke yake miaka yote ya ndoa yetu.

Tangu aliporudi tunaandika pamoja ratiba ya chakula cha wiki, na nimefikia msimamo kwamba ratiba nyingi huanzia mahali pasipofaa. Watu huandika Jumatatu ugali, Jumanne wali, Jumatano ndizi, kisha wakaona wamemaliza. Unga na mchele havihitaji kupangiwa siku, kwa kuwa vipo stoo, vinakaa mwezi mzima na havichelewi kuiva. Kinachohitaji kupangwa ni mboga, kwa ile maana yetu pana ya chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, kiwe samaki, maharage, dagaa au mchicha. Mboga ndiyo inayooza, ndiyo inayopanda bei kwa ghafla, ndiyo inayotaka kulowekwa, kuparwa au kutwangwa kabla haijafika jikoni, na ndiyo inayompa mtoto karibu kila kitu anachokihitaji mbali na kushiba.

Nalisema hili kwa uchungu wa nyumbani. Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa hili mahindi, maharage na viazi, lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 30. Sababu zake ni nyingi, zikiwemo maradhi ya mara kwa mara na akina mama kumalizwa na kazi za shamba, na sidai kwamba karatasi iliyobandikwa ukutani ingeziondoa. Ila tangu nilipoisoma takwimu hiyo siwezi tena kuridhika kwa kuona gunia la mahindi limesimama stoo.

Katika ratiba yetu nguzo ni maharage. Familia nyingi za mjini zimeanza kuyakimbia kwa hoja kwamba yanamaliza gesi, na hoja hiyo ina ukweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona moshi ulivyoyaharibu macho na kifua cha mama yangu. Lakini itakuwa hasara kubwa iwapo kuhama kutoka kwenye mkaa kutayaondoa mezani maharage, kunde na mbaazi, na nafasi yake ikachukuliwa na soseji na chipsi. Sisi tunaloweka kilo moja na nusu Jumamosi usiku, asubuhi tunamwaga yale maji, kisha tunayachemsha yote kwa mara moja ndani ya sufuria ya presha. Kuloweka hupunguza muda wa kupika, na kuyamwaga maji hupunguza pia fitati, yaani viambata vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Yakishaiva tunayagawa yakiwa chukuchuku: fungu moja linaungwa kwa nazi siku hiyohiyo, la pili linakaa kwenye friji hadi Jumanne, la tatu linagandishwa kwa ajili ya Alhamisi. Siku za maharage huwa tunanunua machungwa au maembe kwa kufuata msimu, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo, na chai tumeihamishia saa kumi kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huyazuia.

Mengine yanajipanga yenyewe kwa kufuata kinachoharibika haraka. Samaki wa Feri, soko la samaki la hapa Dar es Salaam, analiwa siku aliponunuliwa, matembele na mchicha siku mbili za mwanzo, kabichi na nyanya chungu katikati, na dagaa wakavu wa Mwanza wanafunga wiki. Usiku mmoja tunauacha wazi kwa ajili ya viporo au mgeni.

Najua kwamba anayelipwa kwa siku hawezi kununua sado ya nyanya. Atanunua fungu gengeni, na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo, kupanga si lazima kuwe kununua. Mwenye robo kilo ya kunde akaziloweka usiku ameshaamua mboga ya kesho, na saa kumi na mbili jioni njaa ya watoto haitamlazimisha kununua kilicho karibu kwa bei yoyote.

Jambo la mwisho naliona zito kuliko yote, nalo ni nani anayekaa kwenye kikao cha kupanga. Kwetu ni Ijumaa baada ya chakula cha jioni, kila mtoto anachagua mboga moja, na binti anayetusaidia anakaa pamoja nasi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kilichobaki stoo na muda ambao kila chakula kinamgharimu. Katika nyumba nyingi mtu kama yeye hupewa amri tu. Kikao cha kwanza alitueleza kwamba kisamvu hakiwezi kuwekwa Jumanne, kwa kuwa siku hiyo anafua mashuka, na kisamvu ni lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu hadi sumu yake iishe, kazi isiyotaka mtu wa kukimbiakimbia. Tukakihamishia Jumamosi, na siku hizi watoto ndio wanaokitwanga.