Mageuzi yafundishwe kwa selimundu, si kwa twiga

Mwulize mwanafunzi wa sekondari mageuzi ya viumbe ni nini, mara nyingi atakusimulia shingo ya twiga. Mimi naona tunamnyima mfano bora kuliko huo, ulio majumbani mwetu na uliochunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli.

Chanzo chake ni kosa dogo mno. Wakati jeni ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, inanakiliwa, nafasi ya herufi moja ya DNA, A, ilikaliwa na T. Basi. Kiungo cha sita cha protini kikabadilika, na chembe nyekundu ikipungukiwa oksijeni hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua mifupa hadi kulia usiku kucha, na zamani wengi hawakufikia umri wa kuzaa. Jeni ya namna hiyo ingetarajiwa ipotee.

Mbona haikupotea? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za watu nchini humo mwaka 1949. Katika jamii za Pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, wabebaji, yaani wenye nakala moja tu ya jeni hiyo, walizidi 20 katika kila watu 100. Nyanda za juu, hawakufika hata mmoja. Kumbe selimundu ilikuwa imeifuata malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo ana kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Wenzake walipokufa utotoni kwa homa, yeye alikua, akazaa, akarithisha.

Lakini malaria haikuleta badiliko hilo, na hapa wengi hukosea. Lilitokea kwa bahati tu, bila kujali kama mbu wapo au hawapo. Malaria ilichagua nani abaki. Badiliko lile lile, likitokea kwenye baridi ya milimani, halimfai mtu kitu.

Nasisitiza haya kwa sababu bado kuna akina mama wanaofukuzwa na wakwe kwa kuzaa mtoto mwenye sikoseli, na majirani wanaotuhumiwa uchawi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuugua, na jeni moja imetoka kwa baba. Kijana aliyeelewa hivyo darasani atakwenda kupima damu kabla ya kuoa, wala hatamtupia mkewe lawama.