Nyiragongo ikifunguliwa tena, nani apande siku gani?

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, chini ya volkeno ya Nyiragongo, mazungumzo ya utalii yakianza, lazima mtu aseme: ukitaka mlima usijae watu, pandisha bei. Majirani zetu wa Rwanda walifanya hivyo mwaka 2017. Kibali cha kuona gorila wa milimani kilitoka dola 750 kikafika 1,500.

Kwa sasa vita vimefunga njia ya kwetu, na wengine wataona mjadala huu umekuja mapema. Mimi naona ndio wakati wake, maana siku wageni watakaporudi, bei zitakuwa zimeshaandikwa. Na upweke ulioko huko juu leo si utulivu tunaoutaka.

Wanaotetea bei ya juu wana hoja nzito kuhusu gorila. Virunga, hifadhi yetu yenye gorila na volkeno hii, iliruhusu wageni wasiozidi wanane kwa kundi, saa moja tu, na barakoa usoni hata kabla ya Korona, kwa sababu mafua yanayokupita wewe kwa siku tatu yanaweza kumuua gorila. Hapo sina ubishi: idadi ibaki ndogo, bei ibaki juu. Tena fedha ile ina kazi. Walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi hii wameuawa kwa miaka mingi ya vita, wakaacha wajane na watoto. Anayetaka vibali vishuke bei atuambie pia mshahara wa mlinzi utatoka wapi.

Lakini volkeno si gorila. Nyiragongo ina mita 3,470, na njia ya wageni ni moja, kutoka Kibati: unapanda nayo, unashuka nayo. Juu ukingoni kulikuwa na vibanda 12 vya watu wawili wawili. Kwa hiyo ni watu 24 kwa usiku, hata kibali kingeuzwa dola 300 au dola 3. Kinachozuia msongamano pale ni vitanda. Bei inaamua tu ni nani atakayevilalia.

Nilipanda mwezi wa saba mwaka 2019, na sikulipa chochote, nilikuwa mkalimani wa wageni wawili. Vibanda vilijaa. Ukingoni ulisubiri mwenzako aondoke ndipo upate jiwe la kuegemea, uso ukipata joto la lava na mgongo ukiganda kwa baridi. Mmoja akafungulia muziki kwenye simu, na ule mngurumo wa chini shimoni, ambao watu walivuka bahari kuja kuusikia, ukamezwa. Wakongomani tuliokuwa juu usiku ule tulikuwa walinzi, wapishi, wapagazi na mimi. Mpagazi aliyebeba gunia la makaa ya kupikia aliniambia amepanda zaidi ya mara mia. Mwanawe hajafika hata mara moja, na kila usiku humuuliza ule wekundu angani unatoka wapi.

Hilo linaniuma, kwa sababu watu wa Goma wameulipia mlima huu kwa njia nyingine. Mwezi wa kwanza 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani Kivu. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena, ikateketeza nyumba za Buhene. Kuta za mitaa yetu tumezijenga kwa mawe yake meusi.

Je, wakazi wakipewa nafasi, si mlima utajaa kelele na chupa za plastiki? Wote wakija Jumapili, ndiyo, na hofu hiyo naiheshimu. Ila tazama Kilimanjaro: njia za Machame na Marangu hujaa, Rongai ina watu wachache zaidi, na anayepanda kwenye mvua za mwezi wa nne hukutana na wachache sana. Kinachowatenganisha ni njia na majira. Sisi njia ni moja, basi imebaki siku. Na katika kuchagua siku, mwenyeji anamshinda mgeni. Mgeni amekata tiketi ya ndege miezi mingi kabla, hivyo anakuja wakati wa kiangazi pamoja na wenzake wote. Mtu wa mtaa wa Majengo hapa Goma anatoka nje alfajiri, anatazama juu, anauona mlima uko wazi Jumanne ya mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua.

Siku kama hizo ndizo ninazowaombea wakazi: miezi ya mvua, siku za kazi, vibanda visivyo na mgeni, kwa bei ya faranga, kwa kujiandikisha, chini ya walinzi walewale na masharti yaleyale. Kitanda kilicholala kitupu hakimlipi mlinzi hata kidogo. Wanafunzi wangejifunza palepale kuhusu gesi za mlima, wao waliokua wakionywa habari za mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, bila kuelezwa yanatoka wapi. Gharama ya walinzi wa kusindikiza itakuwepo, na ni haki wanaopanda waichangie. Kiangazi kibaki cha dola. Na wapagazi wa Kibati, ambao mvua ikianza hukosa mizigo, watapata ya kubeba.