Nani katuroga na rangi ya uji?

Jamani hivi nani katuroga na hii rangi ya uji? Kila nikishika simu nakuta mtu kafuma sweta la mtoto rangi ya uji, kofia rangi ya uji, blanketi rangi ya uji uliotiwa maziwa, eti ndo mambo ya kishua. Mi uji nakunywa vizuri tu, ila kuuvaa hapana.

Nashona mablanketi ya viraka kwa mabaki ya vitenge, fundi wa mtaani ananijazia kiroba na mi nakata naunga. Lile la kwanza nililipakia kila kitu, maua makubwa, madoadoa, mistari, rangi kama kumi na tano, vipande vyote saizi moja. Nikatandika kitandani, mama akasimama mlangoni kimya weee halafu akasema, "Mwanangu, mbona hapa jicho halina pa kukaa?" Iliniuma lakini ndo ukweli.

Ila kosa halikuwa rangi nyingi, na hapa ndo watu wengi wanapokimbilia kwenye uji. Cheki kisutu, ile kanga ya harusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe basi, na mtu akikatiza nayo ng'ambo ya barabara unaijua. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, yaani jicho linajua liingilie wapi. Blanketi langu lilikuwa mji mtupu bila pindo.

Kingine ni mwanga na giza. Niliwahi kufuma sweta la zigizaga, nyekundu na kijani, wiki mbili nahesabu mishono, nimelimaliza nikarudi nyuma hatua tano hivi naona sweta la kahawia! Zigizaga imepotea kabisa. Rangi zilikuwa tofauti ila ukolevu wake sawasawa, kwa hiyo kwa mbali zikamezana. Siku hizi kabla sijaanza naweka nyuzi mezani, napiga picha na simu, naigeuza nyeusi na nyeupe, zikitoka kijivu kilekile natoa moja naweka iliyokolea zaidi au nyepesi kabisa.

Na kuna kina mama wa Gee's Bend, Alabama, Wamarekani weusi, walikuwa wanashona viraka vya nguo za kazi zilizochakaa, jinzi zimepauka magotini, ilimradi watoto wasilale na baridi. Kazi zao zikaja kuwekwa makumbusho ya Houston 2002, na 2006 zikatoka kwenye stempu za posta ya Marekani. Hebu zitafute uziangalie, vipande vikubwa, mistari inapinda inavyotaka yenyewe, unakuta bluu iliyopauka imejaa halafu ghafla kipande chekundu kimekaa pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa, na ndicho utakachoondoka nacho kichwani. Huo ndo ujasiri ninaousema mimi, na hauhitaji rangi kumi na tano.

Halafu ukishapata huo ujasiri, fua kitambaa kabla hujakata, hasa nyekundu mpya maana inachuja hatari. Mi niliwahi kumpelekea mteja blanketi jekundu na jeupe, kalifua mara moja tu limerudi pinki mwanzo mwisho, hela nikarudisha. Sasa hivi analilalia paka.